Shangazi, Baba alikuwa injinia wa reli na sisi watoto hatukubaliani tumwandike vipi

Mulembe Shangazi, natumai uko salama. Mimi husoma majibu yako kila wiki lakini sijawahi kuandika, sa leo imebidi kwa sababu hii kitu inaninyima usingizi na mwezi wa nane ndio huo unakuja.

Baba yetu alituacha mwaka jana akiwa na miaka 76. Alikuwa injinia wa reli, upande wa njia yenyewe si upande wa gari moshi, yaani mataruma (zile nguzo za kulala zinazoshika reli), kokoto, madaraja, makalvati, hiyo ndio ilikuwa kazi yake. Aliingia 1973 akitoka University of Nairobi, wakati huo bado ni East African Railways, ile ya nchi tatu, jumuiya ikavunjika 1977 akabaki na Kenya Railways mpaka 2003 akastaafu na miaka 55 kama vile sheria ilikuwa wakati huo. Karibu maisha yake yote ya kazi yaliisha kwa laini ya Nakuru kwenda Kisumu, na ile ya Butere inayopitia Maseno na Luanda kwetu. Sisi tumekulia Nakuru, Mama alikuwa nesi, na Baba tukamzika nyumbani Luanda.

Sasa shida ni hii. Siku ya mazishi ilisomwa historia yake, kurasa mbili na nusu, mimi nimekaa hapo mbele nasikiliza nikaona ni kama wanaongea juu ya mtu mwingine. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akasajiliwa kama injinia, akastaafu, akaugua, akalala. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi. Halafu mheshimiwa mmoja akapewa maiki akaongea siasa karibu saa nzima. Na kulikuwa na wazee walitoka Muhoroni na Koru, watu wa gengi, yaani kile kikosi cha kutengeneza njia ya reli, waliofanya kazi na Baba, walifika asubuhi na mapema wakasimama nyuma ya hema, mmoja ameshika kofia yake ya reli mkononi muda wote, na mshereheshaji akasema saa zimeenda lazima tuzike, hao wazee hawakuitwa. Walikula wakaondoka. Mimi hiyo inaniuma mpaka leo.

Mwezi wa nane watoto wakiwa wamefunga shule tutafanya ibada ya kumbukumbu, tujengee kaburi vizuri na tuchapishe kijitabu. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu ni mwalimu. Lakini kaka yangu mkubwa, yuko Nairobi, anasema turudie tu ile historia ya mazishi tuongeze picha, ati heshima ya mzee ni kazi yake na vyeo vyake, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Ndugu yetu mdogo naye anataka stoo ya Nakuru iwe wazi kabla mwezi wa saba uishe ndio apangishe, na huko ndani kuna sanduku la bati la Baba, vifaa vyake na daftari nyingi sana, nyingi ni hesabu za mvua tu kwa penseli, kila siku, miaka na miaka. Ameshaongea na mtu wa skrapu. Nikimuuliza Mama anasema mwacheni mzee apumzike, anainuka anaenda jikoni.

Shangazi mimi ninayemkumbuka ni mwingine kabisa. Mama akiwa na shifti ya usiku Baba ndiye alikuwa ananisuka, Jumapili jioni, ananikalisha kwa kigoda katikati ya magoti anagawanya nywele na kitana polepole, mistari imenyooka kama reli ya Kibos, na mwalimu akiuliza ni saluni gani naogopa kusema ni Baba. Akiwa kazini Muhoroni alikuwa anampatia gadi wa treni kikapu, maembe ama ndizi na barua ndogo kwa kila mtoto, tunaenda stesheni ya Nakuru kuchukua. Na ile mvua ya El Niño ya 1997 hakuja nyumbani kabisa, maji yalikuwa yanakula udongo chini ya reli kila siku, Krismasi ikafika Mama akatubeba na sufuria na kuku tukamfuata huko huko, tukala Krismasi na gengi kwa kambi yao, Baba ako na gambuti zimejaa matope, akakaa na sisi kidogo akarudi kwa laini. Na alipostaafu akaenda nyumbani akawajengea watu chemchemi ambayo mpaka leo akina mama wanachota hapo.

Sasa niandike nini? Uinjinia mimi siujui, nikijaribu nitaandika uongo. Na nikiandika ya kusuka nywele kaka atasema nimemfanya mzee mtu mdogo mbele ya watu. Nisaidie.

Binti wa Injinia, Nakuru

Shangazi anajibu:

Mulembe muno binti yangu, na pole sana. Mwaka mmoja si kitu, watu wakishaacha kuja kukupa pole ndio kifo kinaanza kukaa ndani ya nyumba vizuri.

Kabla ya yote mpigie ndugu yako mdogo simu leo, si kesho, umwambie mtu wa skrapu asije. Stoo apangishe, hiyo ni haki yake na pesa inahitajika, lakini sanduku la bati lihame liende kwako ama kwa jirani unayemwamini. Usigombane naye. Mwambie unaomba miezi miwili uzipitie daftari kisha mtaamua pamoja, spana na nyundo ambazo hamzihitaji auze ile siku, lakini karatasi hazina kilo ya maana kwa mtu wa skrapu na kwenu ndio mali yote ya mzee iliyobaki.

Nasema hivyo kwa sababu umeandika kitu kikubwa ukakipita haraka. Umesema daftari ni hesabu za mvua tu. Hiyo "tu" iondoe. Hebu nikueleze mvua ni nini kwa mtu wa reli, mimi si injinia lakini nimekaa na watu wa reli Kisumu miaka mingi, hii hadithi nimeisikia mezani kwangu mara nyingi sana.

Laini ya baba yako ikitoka Nakuru inapanda Njoro, Molo, mpaka Mau Summit huko kwenye baridi kama mita 2,500 juu, halafu inaanza kushuka, Londiani, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Kibos, mpaka Kisumu ambako ziwa liko kama mita 1,130. Piga hesabu wewe mwalimu, hiyo ni kama mita 1,400 ya kushuka, na treni haiwezi kuteremka kama pikipiki, inatakiwa izunguke zunguke milima polepole, mahali pengine imechimbiwa ukingoni, mahali pengine imejengewa tuta, na kila bonde na kila kijito kinachokata hiyo njia lazima kiwe na daraja ama kalvati la kupitishia maji chini. Ukifika chini kabisa unaingia uwanda wa Kano, udongo mweusi ule ambao ukinyeshewa unafura na jua likiwaka unapasuka, na mto Nyando ukijaa unamwagika kila mahali, watu wa Ahero wanaujua.

Sasa reli yenyewe ni chuma na mataruma yamelala juu ya kokoto. Kokoto ndizo zinabeba uzito na ndizo zinapitisha maji. Kalvati likiziba na majani ama likajaa mchanga, maji yanakosa njia yanaanza kukaa kando ya tuta, yanalainisha udongo chini polepole, na juu kila kitu kinaonekana sawa kabisa, reli inang'aa, mpaka siku treni nzito ipite hapo usiku. Ndio maana mtu wa njia hangoji kuona reli imeharibika. Anafuata maji. Akijua jana Londiani ilinyesha kiasi gani anajua leo ni kalvati gani atume gengi likaangalie kwanza, akijua msimu huu wa Machi hadi Mei umenyesha kuliko mwaka jana anajua tuta gani halilali vizuri. Huwezi kuyajua hayo bila kuandika kila siku, hata siku ambayo haikunyesha unaandika sufuri. Hizo sufuri nenda ukaziangalie. Mtu anayeamka kila asubuhi kuandika sufuri kwa penseli ili watu ambao hatawahi kuwajua majina wafike Kisumu wakiwa wamelala kwenye behewa, huyo ndiye baba yako, na ndiye huyo huyo wa kitana na kigoda. Hakuna injinia hapa na baba pale. Ule uvumilivu wa kugawanya nywele mstari kwa mstari na ule wa kuandika mvua ni uvumilivu mmoja, umetoka kwa mtu mmoja, na ukiandika hivyo kaka yako hataweza kusema umemfanya mzee mdogo.

Kuhusu huyo kaka, msikilize pia, ana haki yake. Kwa familia nyingi huku magharibi mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu miaka ile ya sabini alikuwa amebeba kijiji kizima, na kusajiliwa kama injinia si mchezo, unapimwa kazi yako kwanza. Vyeo aliviokota kwa jasho, viandikwe, ukurasa mmoja mzima, tarehe zikiwa sahihi, na huo ukurasa mpe kaka yako aandike yeye mwenyewe. Nadhani akipewa sehemu yake ataacha kuilinda ile yako. Watoto wa kwanza wa kiume wakifiwa na baba wengi hukimbilia vyeti kwa sababu cheti hakilii, wewe unalia kwa maneno yeye analia kwa tarehe, mwache.

Sasa tuje kwa wale wazee waliosimama nyuma ya hema. Hapo ndipo moyo wangu umekaa tangu nisome barua yako.

Wewe umesema uinjinia huujui. Wao wanaujua. Hao watu wa gengi ndio walikuwa wanainua reli kwa mitaimbo, ndio walikuwa wanapiga kokoto chini ya mataruma, ndio walikuwa wanatembea laini asubuhi mmoja ana spana ndefu begani anakaza nati, na baba yako alikuwa anapita na toroli, kile kigari kidogo cha kukagua reli, anasimama nao. Wanajua alikuwa mkali lini, alicheka na nini, ni nani alimsaidia karo, ni usiku gani walilala kwenye daraja. Na ni wazee sasa. Walikuja kutoka Muhoroni na nauli yao na hawakupewa hata dakika mbili, wakati mheshimiwa alipewa saa nzima kumzika mtu ambaye pengine hakumjua. Hiyo aibu si yako wewe, matanga yetu yamekuwa hivyo kila mahali, lakini dawa yake unayo mkononi.

Nenda uwatafute. Usiwapigie tu simu, nenda. Ukitoka Nakuru unafika Muhoroni na kurudi siku moja, ukilala Kisumu ni vizuri zaidi hutakimbia. Mmoja ukimpata atakuonyesha wengine. Beba sukari na majani, beba picha za zamani za Baba ukiwa nazo kwa sababu mzee akishika picha mdomo unafunguka wenyewe, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi, umwambie wazi ni ya kijitabu. Na tafadhali usimuulize "Baba alikuwa mtu wa aina gani," atakujibu alikuwa mtu mzuri na mazungumzo yataisha hapo hapo. Muulize siku ikinyesha usiku mlikuwa mnaamshwa na nani. Muulize El Niño mlikuwa mnakula nini. Muulize mara ya kwanza Injinia alikukasirikia ilikuwa nini. Muulize 1977 ikawaje, maana kabla ya hapo walikuwa wanafanya kazi na watu wa Uganda na Tanzania kwa kampuni moja, halafu mwaka mmoja kila mtu akaambiwa arudi kwao, baba yako alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa hivi, lazima kuna rafiki aliyeagana naye kwa stesheni. Hilo swali mimi mwenyewe ningependa kulisikia jibu lake.

Na majina yao uyaandike. Hii naomba sana. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, na vitabu vinatuambia zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga na karibu 2,500 walikufa, tunazo hizo namba lakini watu wenyewe wengi hatuwajui kwa majina. Ya wakubwa tunayo. Kijitabu chako ni kidogo lakini kinaweza kuwa na ukurasa unaosema gengi la Muhoroni miaka ya Injinia lilikuwa na fulani na fulani na fulani, nyapara alikuwa fulani, kama wenyewe wamekubali. Baba yako sidhani angeona hiyo inampunguzia heshima.

Siku ya ibada wapewe maiki wa kwanza, kabla ya mchungaji hajachoka na kabla chakula hakijanukia. Mheshimiwa akija mkaribisheni kwa upendo akae ale, hii ni siku ya nyumbani haina hotuba ya siasa, mwambieni mapema kupitia kwa mzee wa mtaa ndio asione mmemdharau.

Mama sasa. Mama akisema mwacheni mzee apumzike na kuinuka kwenda jikoni, sijasikia amekataa. Nimesikia amekuonyesha mahali atakapoongea. Mfuate jikoni. Kaa chini uchambue mboga naye, usibebe kalamu, usiseme Mama tunataka habari za kijitabu, ongea tu habari za ile Krismasi ya kambi, sema unakumbuka kuku lakini umesahau alipikwa na nini. Mtu aliyeishi na mume miaka yote hiyo, nusu ya usiku yeye yuko wodini na nusu nyingine mume yuko kwa laini, ana mambo ambayo hajawahi kuulizwa. Nyinyi mnakumbuka vikapu vya maembe. Yeye anakumbuka alivyokuwa anasikiza mvua kwa mabati akijua iko mtu wake nje. Akikupa kitu muulize kama kinaweza kuandikwa, na akisema hapana kiache hapo jikoni. Asilazimishwe kusimama mbele ya watu kuongea.

Na tafadhali usiandike kwamba alikuwa nyumbani kila wakati. Kila kijitabu cha marehemu kinasema baba aliyejitolea kwa familia, msomaji anapita tu. Andika kwamba kulikuwa na miezi hakuonekana. Andika kwamba Krismasi ya 1997 familia ilipanda ikamfuata na sufuria. Hapo mjukuu ambaye hakumjua ataelewa kujitolea ni nini bila wewe kulitaja hilo neno, na ataelewa pia kwamba ilikuwa na bei na Mama alilipa sehemu yake.

Kama alikuwa na ukali wake uweke. Najua wanaume wa reli, wengi wao mfereji ukiachwa unadondoka nyumba nzima inaamka.

Kuhusu daftari, fanya hivi. Usizifungie kwa karatasi ya nailoni, zitashika unyevu zioze, ziweke kwenye katoni kavu mbali na sakafu na uangalie mchwa. Bahati yako aliandika kwa penseli, penseli haipauki kama wino na ikipata maji haienei. Zipange kwa miaka, kila daftari uipige picha ukurasa kwa ukurasa mchana karibu na dirisha, hizo picha ziwe kwa simu mbili tofauti na kwa kompyuta ya mtu mwingine, simu zinaibwa. Ukikuta ramani ama karatasi zenye muhuri wa shirika ziweke kando, hizo unaweza kuuliza Railway Museum kule Nairobi, jumba lipo tangu 1971, labda watazitaka na labda watakuambia ni nini hasa unachoshika. Na kwa kijitabu usiweke daftari zote, chagua ukurasa mmoja tu. Ukipata ule wa mwezi wa kumi na mbili 1997 chapisha huo, mwandiko wake kama ulivyo, na chini yake uweke stori ya kambi.

Sasa chemchemi, ambayo umeiweka mwisho kabisa kwa mstari mmoja na mimi ningeipa kurasa tatu.

Unajua watu wanadhani kujenga chemchemi ni kumwaga simiti na kuweka paipu. Wanajenga hivyo na mwaka wa pili maji yanatoka kando, paipu inabaki kavu. Inatakiwa uchimbe ufuate maji mpaka kwenye jicho lenyewe, usilizibe, ujaze mawe safi hapo nyuma maji yapite katikati yake, ufunike juu na udongo wa mfinyanzi maji machafu ya mvua yasiingie, ndio ujenge ukuta na paipu ikae chini ya kiwango cha jicho ili maji yasirudi nyuma kutafuta njia ingine. Halafu juu kule mlimani unachimba mtaro wa kukatiza maji ya mvua yapite pembeni, unaweka ua ng'ombe wasikanyage, na chini unaweka mfereji wa kutoa maji yanayomwagika akina mama wasisimame kwa matope. Na mikaratusi unaomba watu waing'oe karibu na hapo kwa sababu inakunywa sana, na hapo ndipo ugomvi wa kijiji unaanzia, maana mkaratusi ni pesa ya mtu. Uliza nani alikubali kukata miti yake na Baba alimwambia nini mpaka akakubali.

Umeona lakini? Kutafuta njia ya maji, kuyatoa pembeni, kutoyaziba, ni ile kazi ya Londiani na Kibigori ameibeba akaileta nyumbani. Miaka thelathini alikuwa anayafukuza maji yasiharibu, akistaafu akayaita yaje karibu na milango ya watu. Mimi ningefungua kijitabu na hiyo chemchemi, si na tarehe ya kuzaliwa. Nenda hapo asubuhi wakati wanachota, uliza yule mama mzee kuliko wote alikuwa anachota wapi kabla, ilikuwa mwendo gani, mtoto wake alikuwa anachelewa shule kiasi gani. Andika kama vile ameongea.

Hujui uanzie wapi kuandika, basi anza hivi halafu ubadilishe utakavyo: "Ukishuka kutoka barabara ya Luanda kuna chemchemi, na asubuhi utakuta mitungi imepangwa. Aliyeijenga alikuwa mtu wa reli. Kabla ya hapo alikuwa ameangalia maji ya watu wengine kwa miaka thelathini, kutoka Mau Summit mpaka Kisumu, na kila siku aliandika imenyesha kiasi gani." Ukishaandika hayo matatu, mengine yatakuja yenyewe, kitana kitakuja, kikapu cha gadi kitakuja, na ukurasa wa kaka yako utakaa katikati vizuri tu kwa sababu msomaji tayari anataka kujua huyu mtu alisomea wapi.

Usifanye peke yako. Mwanao ama mpwa wako mkubwa aliye na mkono wa simu mpe kazi ya kupiga picha daftari, atajifunza kuka wake, yaani babu yake, alikuwa nani akifanya hivyo. Ndugu yako mdogo mpe kazi ya kukupeleka Muhoroni. Akiwaona wale wazee nafikiri hata lile neno skrapu hatalitaja tena, lakini hata akilitaja, msikosane.

Mwezi wa nane si mbali na printa atataka wiki mbili, kwa hivyo safari ya Muhoroni iwe wikendi hii ama ijayo, daftari baadaye. Ukiwa na kurasa mbili za kwanza nitumie nizisome. Na yule mzee wa kofia ukimpata, mwambie Shangazi wa Kisumu amemsalimia.